Nalikwenda Maparoni kwa Ajili ya Shauri Langu Bovu

Wengi wenu mkisikia jina la Rufiji hukumbuka viboko na mafuriko, basi. Wachache wamefika kule ambako mto unakwisha, ukajigawa mikono mingi kabla ya kuingia baharini, na kati ya mikono hiyo pamesimama msitu wa mikoko wa karibu hekta 53,000, ambao hapana mwingine mkubwa kama huo katika Afrika ya Mashariki. Humo ndimo ilimo Maparoni, katika wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Rufiji. Mtu hafiki Maparoni kwa bahati, maana haiko njiani kwa aendaye mahali pengine. Mimi nalikwenda kwa sababu ya deni, wala si deni la fedha, bali la shauri.

Habari yenyewe ni hii. Ninaye mwenzangu tuliyesoma pamoja chuo cha ualimu. Mimi niliishia katika ukarani wa parokia, yeye akaendelea na chaki, akapelekwa visiwani. Miaka miwili nyuma alinipigia simu kuniambia kuwa anataka chombo cha kutolea sauti ya sinema pande zote za chumba, kama alivyosikia kwa jamaa yake mjini. Chombo hicho wauzaji hukiita risiva: ni sanduku moja lipokealo sauti kutoka kwenye televisheni, deki au king'amuzi, likaigawa na kuipa nguvu, kisha likaipeleka kwenye spika tano na sabufa moja. Nami kwa kuwa nalikuwa nimewahi kutumwa kununua vipaza sauti vya parokia, nalijiona fundi. Nikamwambia, “Ndugu yangu, tafuta ya mtumba kutoka Ujapani. Vitu vya Ujapani ni imara.”

Akaipata katika duka moja mjini Dar es Salaam kwa shilingi 250,000. Akaivusha maji yote yale, akaichomeka kwenye jenereta ya jirani siku ya Idi, watu wamekwisha keti. Ikalia kitambo cha kufumba na kufumbua, ikatoa moshi. Nyuma yake paliandikwa kwa herufi ndogo kuwa ni ya volti 100, maana ndio umeme wa Ujapani, na wetu ni volti 230. Muuzaji hakusema. Nami sikujua kumwambia mwenzangu aulize. Hakunilaumu hata siku moja, na kwa hiyo jambo lile lilinikera zaidi.

Basi Desemba akanipigia tena. Yeye na mkewe walikuwa wameweka shilingi 600,000, za mpunga na za kamba wakavu ambao mkewe huwauza Nyamisati. Akataka shauri tena. Kabla sijajibu, nikasikia simu inabadili mkono, na shemeji akasema, “Shemeji, safari hii usitushauri kwa simu. Njoo uione nyumba kwanza.”

Nikaomba ruhusa ya siku chache. Kutoka Kibiti nikapanda gari hadi Bungu, na kutoka Bungu nikachukua pikipiki kwenda Nyamisati, ambako wasafiri wa Mafia hupanda vyombo. Hapo hapana haja ya kutazama saa ya mkononi, maana mwenye kuamua ni maji. Yakiwa yamekupwa, mikondo ya delta hubaki matope na mizizi, na boti hukaa ubavu kama ng'ombe aliyelala. Nalingoja juu ya gunia la unga tangu asubuhi hadi baada ya adhuhuri, kisha nahodha akasema maji yamejaa, tukaingia: watu kumi na watatu, mabati, unga, soda, na mbuzi mmoja ambaye hakupendezwa.

Msomaji, kama hujapita humo, nitakuambia jambo moja tu. Mikoko hulala kimya. Boti ikizimwa mashine ili kupinda kona, husikii ila maji yakidondoka kwenye majani, na kaa wakitembea matopeni. Nahodha alinionyesha miti kwa majina yake, mkandaa, msinzi, mchu, mkomafi, akaniambia upi hutoa boriti na upi hufaa mtumbwi. Boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Arabuni enzi za babu zetu, zikaezeka nyumba za nchi isiyo na miti.

Na katika kimya hicho hicho palilia mizinga. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilipokwisha kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono hii ya mto, wasiweze kuifikia. Mwaka uliofuata Waingereza walileta manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege zikaruka juu kuwaelekeza wapigaji, maana wenyewe hawakuiona shabaha yao kwa miti. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakaiangamiza meli yao kwa mikono yao wenyewe, kisha wakatoa mizinga yake kumi wakaendelea kupigana nayo nchi kavu. Namna ile ya sauti kutoka pande zote, nadhani hapana ambaye angeitaka sebuleni.

Tulifika jua limekwisha kupinda. Maparoni ni minazi, nyumba za udongo na boriti, nyingine za makuti na nyingine za bati, na nje yake mashamba ya mpunga yenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ambamo watu hukaa kulinda nafaka na ndege na nguruwe. Mwenzangu alinipokea majini, suruali imekunjwa magotini. Nyumba yake ina vyumba vitatu, bati juu, kuta za udongo. Katika pembe ya sebule nikaiona ile risiva ya Ujapani. Kuku jike alikuwa amelala juu yake.

“Anataga hapo,” mwenzangu akasema. “Amepapenda.”

Nikaamkiana na Bibi, mama yake shemeji. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni ila mwanga na vivuli, naye ndiye mpenda sinema kuliko wote nyumbani humo. Jambo hilo mwenzangu hakuwa amenieleza katika simu. Mwajua, wasomaji, zile sinema za Kichina, za Kihindi na za Kizungu ambazo husimuliwa kwa Kiswahili juu yake, kazi iliyompatia jina Lufufu pale Dar es Salaam na wengine baada yake. Msimulizi hueleza wanachosema, na mara nyingine hueleza hata wanachofanya, akaongeza na mzaha wake. Kwa Bibi ile sauti ndiyo macho. Walimpeleka mara moja kibanda umiza, akarudi kabla ya nusu. “Nilisikia radi tu,” akaniambia. “Yule mtu asemaye walimfunika.”

Usiku baada ya sala ya isha tukaketi na daftari. Binti yao, aliyechaguliwa kwenda kidato cha kwanza shule ya bweni, alikuwa upande wa pili wa taa na kitabu chake cha Kiingereza. Shemeji akaketi karibu nasi, wala hakusema neno, ila kila tarakimu niliyoiandika aliifuata kwa macho. Vitu vya shule vilikuwa havijanunuliwa: tranka, godoro, viatu, sare.

Nalianza na jua, maana nyumba ile huishi kwa jua. Ipo paneli ya wati 80 na betri ya volti 12 yenye ampea 50 kwa saa. Zidisha, utapata wati 600 za saa moja. Lakini betri ya risasi na tindikali hufa upesi ikinywewa zaidi ya nusu, basi hesabu 300. Televisheni yao ndogo ni ya volti 12, hula kama wati 30. Risiva ya spika tano, hata ikilia kwa upole, hula kama 50, nayo haiwezi kula betri moja kwa moja; yahitaji inveta, ambayo nayo hupoteza zake, tuseme 15. Jumla 95. Sinema ya saa mbili ni 190. Taa zao nne za wati tano, zikiwaka saa nne, ni 80. Inabaki 30 ya kuchaji simu. Na hayo ni siku ya jua. Wakati wa mvua paneli haipati hata nusu yake.

Binti akainua kichwa kitabuni akauliza, “Kwa hiyo mkitazama sinema, taa yangu?”

Mwenzangu akacheka, lakini nalimwona amesikia.

Kisha nikamwuliza sinema zake hutoka wapi. Akanionyesha flashi mbili na kadi moja ya simu. Karibu zote ni hizo zilizosimuliwa. Hapo, wasomaji, nataka mnisikilize, maana fedha nyingi hupotea mahali hapa. Sauti ya pande zote haifanywi na chombo cha nyumbani. Hufanywa kule sinema ilikotengenezwa. Ni jambo la zamani: sinema ya Walt Disney iitwayo Fantasia, ya mwaka 1940, ilionyeshwa katika majumba machache yaliyofungwa spika nyingi kwa ajili yake. Baadaye Ray Dolby, aliyeanzisha kampuni yake London mwaka 1965, alitengeneza njia ambazo zimeenea duniani, na tangu mwaka 1992 majumba ya sinema yakaanza kupata sauti ya njia sita kwa tarakimu: kushoto, katikati, kulia, nyuma mbili, na moja ya mngurumo. Maneno ya watu huwekwa zaidi katika njia ya katikati. Risiva kazi yake ni kuzifungua njia hizo sita na kumpa kila mwenye chake.

Sasa msimulizi wetu akiketi na kipaza sauti chake akasimulia, huchukua sinema yenye sauti ya njia mbili, kushoto na kulia, akatia na ya kwake humo humo. Njia sita hazimo tena. Ukiipeleka sauti hiyo kwenye spika tano, chombo hakina cha kufungua. Hukisia tu, na pengine humtupa msimulizi mbele na nyuma, Bibi asijue mtu yuko wapi. Hali kadhalika vipindi vingi vya king'amuzi ni vya njia mbili. Mwenzangu alikuwa karibu kununua sahani tano kwa ajili ya chakula cha sahani mbili.

Akanyamaza kidogo. “Basi niache?” akauliza. Nikamwambia la, usiache. Nunua kinacholingana.

Tulishauriana sabufa ya spika mbili yenye tundu la volti 12 nyuma, ambayo hunywa betri bila inveta, wati 15 au 20 kwa sauti ya nyumbani. Pamoja na televisheni ni 50, saa mbili ni 100. Baada ya taa hubaki 120 za siku ya mawingu. Shemeji ndipo aliposema neno lake la kwanza usiku ule: “Na bei?” Nikamwambia haifiki laki mbili. Akainuka akaenda kupika chai.

Kesho yake maji yalipojaa tukaondoka sisi wawili, tukalala Kibiti, alfajiri tukapanda basi la Dar es Salaam. Kariakoo, mitaa ya Aggrey na jirani zake, ni kelele tupu. Kila duka limetoa sabufa zake mlangoni zishindane. Usinunue kwa kelele hiyo. Boksi moja liliandikwa wati 15,000, na kijana muuzaji akaapa kwa mama yake. Nikaligeuza lile sanduku, nikasoma kibati cha nyuma: linakula wati 40. Chombo kinachokula 40 kitatoaje 15,000? Hiyo ni hesabu ya matangazo, ya mlio wa mara moja uliokuzwa kwa karatasi. Iliyo ya kweli huandikwa kwa herufi RMS, nayo huwa ndogo, haina majivuno.

Tulikuwa na flashi yetu mfukoni, yenye sinema ambayo Bibi huijua neno kwa neno. Tukaomba iwekwe. Sanduku la kwanza lilikuwa na mngurumo wa kutikisa vioo, lakini msimulizi alisikika kama yumo kisimani. La pili lilikuwa dogo, spika zake za pembeni nzito mkononi, na maneno yalitoka yamenyooka. Tukamwomba auzaye alichomeke kwenye betri ya volti 12 mbele yetu. Akanung'unika, akalichomeka. Likalia. Shilingi 145,000, na waya, fyuzi na kichwa cha waya shilingi 9,000. Kwa zilizobaki, tukiondoa nauli, tranka na godoro vilinunuliwa siku ile ile, tukapita nazo mitaani kama watu wanaohama.

Labda wewe, msomaji, unakaa Dar es Salaam au Kibiti mjini, una umeme wa waya, unatazama sinema za asili zisizosimuliwa, na sebule yako ina nafasi ya spika nyuma ya kochi. Wewe risiva itakufaa, wala sikukatazi. Ila Denon, Yamaha au Sony mpya, pamoja na spika zake, itakupitisha mbali na zile laki sita za mwenzangu. Spika tano zatosha. Ukiuziwa ya saba au tisa kwa chumba cha futi kumi na mbili, unanunua waya wa kujikwaa. Tazama kwanza kibati cha nyuma kimeandikwa volti 220 hadi 240. Ya mtumba kutoka Uingereza huwa sawa. Ya Ujapani ni 100, ya Marekani 120, na hizo zahitaji transfoma ya kushusha yenye nguvu ya kutosha, ambayo nayo ni fedha. Omu za spika zisipungue zile zilizoandikwa kwenye risiva, la sivyo itachemka. Iwe na tundu la HDMI lenye herufi ARC, ili waya mmoja ulete picha na kurudisha sauti ya televisheni. Iachie nafasi ya kupumua juu yake. Usiifunike kitambaa cha kufuma, akina mama mnisamehe. Na kama fedha ni chache, punguza spika za nyuma kwanza, usiipunguze ya katikati, maana ndiyo isemayo.

Tena jambo moja ambalo nalilifahamu nimechelewa. Wengi huwa na sinema ya njia sita na spika mbili tu, wakalalamika kuwa milio ni mikubwa na maneno hayasikiki. Mara nyingi chombo si kibovu. Ingia katika orodha ya deki au televisheni, sehemu ya sauti, uchague stereo, ili ile njia ya katikati igawiwe spika zako mbili isipotee.

Tukarudi kwa bamvua, mwezi umekaribia kujaa. Sabufa tuliifunga kwa nailoni mbili, tukaiweka juu ya godoro, na godoro juu ya tranka, na mvua ikatunyeshea sisi. Pale nyumbani nilipaka mafuta ya mgando kwenye vichwa vya betri na waya, kwa kuwa hewa ya chumvi hula shaba upesi. Spika mbili tukaziweka kimo cha masikio ya Bibi akiwa mkekani. Sabufa tulipoijaribu kwa nguvu, udongo ulidondoka ukutani chaini ya dirisha, shemeji akaipunguza mwenyewe, na tangu hapo kitufe hicho ni chake.

Majirani walikuja kama ishirini, wakajaa mpaka uani. Binti akabaki chumbani na taa yake, mlango wazi, jicho moja kitabuni. Sinema ikaanza. Kwa kitambo Bibi hakusema, ameinamisha kichwa, mimi nikahisi jasho mgongoni kana kwamba ni mtihani wangu wa chuo. Halafu msimulizi akatupa mzaha wake wa kwanza, na Bibi akacheka kabla ya watoto.

“Huyu leo amekaribia,” akasema. “Mpeni kiti.”

Asubuhi maji yalijaa mapema. Mwenzangu alinisindikiza mpaka botini, na shemeji akanipa kikapu cha mayai sita, yaliyotagwa, akasema, juu ya risiva yangu.